Mjomba ameitwa Lulindi

Dada yangu hana kawaida ya kupiga simu usiku. Aliponipigia Aprili 2024, saa nne ikiwa imeshapita, nikajua kuna jambo. "Kaka, shuleni wanasema wiki ijayo mtoto atachomwa chanjo. Baba yake hataki. Mimi sijui. Njoo wewe, mjomba wake."

Wasomaji wa kaskazini na wa bara watashangaa. Chanjo ya mtoto inamhusu nini mjomba aliyeko Dar es Salaam? Lakini kwetu Masasi na Newala, iwe kwa Wamakua, Wayao au Wamakonde, ukoo wa asili hufuata upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito. Mambo yamebadilika sana, akina baba wanalea na wanaamua, ila likija zito simu inapigwa kwa mjomba. Fomu za ofisini zina nafasi ya "mzazi au mlezi" tu. Mjomba na bibi hawamo, na mara nyingi hao ndio wanaoongea usiku baada ya fomu kufika nyumbani.

Nikapanda basi la kusini pale Mbagala. Safari ya Masasi inapita kilomita 500: Kibiti, Nangurukuru, Lindi, kisha unaingia ndani kupitia Ndanda hadi uyaone yale majabali ya Masasi yamesimama peke yao juu ya mikorosho. Njia nzima nilimwaza mama mdogo wetu.

Huyu ndiye aliyetulea. Alianza kutokwa damu wakati hedhi ilikwisha kukoma miaka mingi. Nyumbani wakasema ni ugonjwa wa kike, wengine wakasema karogwa. Alipofikishwa Ocean Road ilikuwa imechelewa. Nilikuwa nikimpelekea uji kila asubuhi, na hakuna siku mimi na yeye tulilitaja jina la ugonjwa wake. Saratani ya mlango wa kizazi. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania waliugua saratani hiyo ndani ya mwaka mmoja, na zaidi ya 6,500 walifariki. Mimi namjua mmoja, na ananitosha.

Lulindi ni pa zamani kwa mambo ya tiba. Miaka ya 1930 na 1940 alifanya kazi hapa Dk. Leader Stirling, daktari mmisionari wa Kiingereza aliyekuja kuwa Waziri wa Afya katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Na ni huku Masasi ambako Askofu Vincent Lucas wa Anglikana, badala ya kupigana na jando, aliliingiza kanisani na kuliendesha kwa taratibu za Kikristo. Watu bado wanabishana kama alifanya sawa. Alichokiona ni kwamba huku mtoto hafundishwi mambo ya mwili na mtu yeyote tu: kuna wakati wake, kuna mahali pake, na kuna wenye ruhusa ya kusema.

Shemeji sikumkuta. Alikuwa Newala kwa mama yake, nikamfuata kwa bodaboda kesho yake. Ukipanda ule ukingo wa uwanda wa Makonde unahisi hewa inabadilika, ukungu unakupiga usoni, na ukitazama nyuma bonde lote liko chini yako. Huko juu ardhi ni ya mchanga, mvua inanyesha na kuzama. Bibi zetu waliteremka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Wengine wakifika Newala huenda Shimo la Mungu kutazama upande wa Msumbiji. Mimi nilikwenda kuketi kwenye mkeka wa shemeji.

"Shemeji, mimi si mkorofi," akaniambia. "Nimesikia ile chanjo ya kizazi inafunga kizazi. Mtoto akikosa uzazi, nani ataulizwa? Si mimi?"

Sikuwa na jibu. Mwanangu mwenyewe alichanjwa Dar mwaka 2018, chanjo hii ilipoanza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14. Jioni aliletwa na karatasi shuleni, "kesho chanjo, mzazi asaini", nikasaini nikiwa natazama mpira. Aliponiuliza ni ya nini, nikamwambia ni sindano tu, nenda. Miezi sita baadaye ilitakiwa dozi ya pili. Alikuwa amehama shule, na hakuna aliyekumbuka, sisi wala shule. Kwa hiyo mbele ya shemeji nilikuwa mjomba asiyejua kitu.

Akanitoa kwenye aibu. "Nenda kasikilize wewe. Ukiridhika, nipigie."

Tukaenda kituo cha afya watu watatu: dada, mpwa wangu wa miaka 12, na mimi. Nesi aliyetupokea ni mama wa makamo, mzaliwa wa hukuhuku. Nilidhani atafungua kitabu na kuanza kutusomea. Akavuta kiti, akakaa, akauliza, "Mmesikia nini kuhusu chanjo hii?" Kisha akanyamaza.

Hicho ndicho kilichonishangaza kuliko yote. Dada akaanza kwa woga, mwishowe akatoa yote: inafunga uzazi, mbona wasichana peke yao, mbona bure. Nesi hakucheka wala hakusema "huo ni uzushi". Alingoja mpaka dada akamaliza, ndipo akajibu moja moja.

Kwanza jina. "Mkiiita chanjo ya kizazi, mtu lazima aogope. Mimi naiita chanjo ya kuzuia saratani. Haiendi kwenye kizazi, inaufundisha mwili kumtambua kirusi, kama ile ya surua." Akasema haina kirusi hai ndani yake, na Rwanda wanachanja tangu 2011. Kwetu ilianzia Kilimanjaro mwaka 2014. "Wale watoto leo ni wadada wakubwa." Bure? Hata ya pepopunda aliyochomwa dada akiwa mjamzito ilikuwa bure, na hakuuliza. Dada akacheka.

Likabaki lile gumu, ambalo wazazi wengi hatulisemi. Kirusi hiki, HPV, huambukizwa kwa kujamiiana. Sasa mtoto wa miaka 12, maana yake nini? Hapo nesi alinigeukia mimi, mjomba.

"Salfa kwenye mikorosho mnapuliza lini?"

Nikasema, kabla ubwiriunga haujashika maua.

"Ukishashika?"

"Umechelewa."

"Basi. Hatusemi binti ameanza. Tunachanja kwa sababu hajaanza."

Halafu akafanya jambo ambalo mimi na shule ile ya Dar hatukulifanya. Akamgeukia mtoto. Akamwambia mkono utauma siku moja au mbili, homa kidogo inaweza kuja, na wapo wasichana huzimia kwa woga wa sindano, ndiyo maana akishachomwa atakaa kwenye benchi dakika 15. Aje amekula. Kisha akamwambia, "Hebu nieleze mimi, umeelewa nini?" Mpwa wangu akaeleza, kwa sauti ndogo, bila kukosea. Dada alikuwa akimtazama kama amemwona leo.

Nikamuuliza nesi habari za mwanangu na dozi yake moja. Akasema kuanzia mwezi huo Tanzania imehamia dozi moja. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kukubali mwaka 2022 kwamba moja inakinga vizuri, na sehemu ya ushahidi ilitoka Mwanza, kwa mabinti 930 waliofuatiliwa na watafiti. Miaka sita nilibeba hatia ya dozi ya pili, ikaondoka hapo hapo kwenye kiti cha plastiki.

Nesi alitueleza pia kwamba kabla ya kampeni alikwenda kukaa na makungwi wa unyago, maana wao ndio wanaosikilizwa na akina mama. Mmoja alimuuliza maswali kwa saa nzima, na siku ya pili akaja mwenyewe na wajukuu watatu.

Nikatoka nje kumpigia shemeji. Mtandao ulikuwa unakata, ikabidi nipande kichuguu. Nikamweleza, hadi ile ya salfa. Akakaa kimya, kisha akauliza, "Wewe umeridhika?" Nikasema nimeridhika. "Basi achomwe. Lakini asije akabebeshwa maji siku hiyo."

Kampeni ilianza Jumatatu ya tarehe 22. Mpwa wangu alichomwa, akakaa dakika zake 15, akasema inauma kidogo. Dada alikuwa ameshanyanyuka kuondoka nesi alipomuuliza, taratibu, "Na wewe mdogo wangu, kipimo cha siki umeshawahi kufanya?"

Dada ana miaka 38. Hakujibu. Alinitazama, nami nikatazama mwembe. Mama mdogo alikuwa hapo katikati yetu, sote wawili tulijua.

Akamkabidhi binti yake mkoba, akaingia ndani na nesi. Mpwa wangu akarudi kwenye lile benchi, mkoba wa mama yake mapajani, akaangalia saa ya ukutani.