Betri Iliyokuwa Ikiisha Usiku

Gari lililoegeshwa halilali kabisa. Hata likizimwa na kufungwa, saa yake huendelea kutembea, redio hukumbuka stesheni zake, na king'ora hukaa macho kumngoja mwizi. Vyote hivyo hunywa umeme wa betri kwa matone. Katika gari zima, matone hayo kwa kawaida hayazidi sehemu 50 katika 1,000 za ampea moja, na betri nzuri huyastahimili kwa majuma. Hayo nimeyajua mwaka huu hapa Buruburu, kwa sababu ya mzee mmoja, mlinzi wetu, aliyekaribia kufukuzwa kazi.

Kwa msomaji wa Mombasa au Lamu asiyezijua mitaa hii ya Eastlands: Buruburu ilijengwa miaka ya 1970, na nyumba zake zimepangwa kuzunguka viwanja vidogo tunavyoviita koti. Siku hizi magari yamejaa humo hata yanabanana, la ndani halitoki mpaka la nje lisogezwe. Ndiyo maana funguo huachiwa mlinzi usiku, naye alfajiri huyasogeza bila ya kumwamsha mtu.

Gari letu ni dogo, la Kijapani, lililotumika kwao kabla ya kushushwa bandarini Mombasa kama wenzake wengi. Bwana yangu nami huenda kazini kwa matatu za Barabara ya Jogoo. Gari hutoka Alhamisi tu, kumpeleka mamangu hospitali kwa mazoezi ya viungo. Alipooza upande wa kushoto, tukamleta kutoka nyumbani tumtunze; vidato vya matatu haviwezi. Alhamisi moja gari likakataa kuwaka, tukaazima umeme kwa gari la jirani. Alhamisi ya pili vivyo hivyo. Fundi akatwambia betri imekufa, akatuuzia mpya. Alhamisi ya tatu hiyo mpya nayo ikawa kimya, na mamangu akavuliwa buibui alilokwisha vaa, akarudishwa kitandani. Hakusema neno.

Hapo ndipo maneno yalipoanza kotini. Jirani mmoja alisema amesikia redio usiku wa manane. Mwingine akasema mlinzi hukaa ndani ya magari akichaji simu. Bwana yangu, mtu mpole, naye akaanza kushawishika, maana funguo zilikuwa kwa nani kama si kwa mzee? Kamati ya koti ikapanga kukutana Jumapili baada ya Alasiri. Mzee nilipomuuliza, alinijibu kwa utulivu: "Mama Swaleh, mimi redio yangu ninayo." Akaitoa mfukoni, ndogo, imefungwa kwa mpira.

Mimi sikumtuhumu wala sikumtetea. Nilikwenda Barabara ya Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, nikanunua kipimo, kile chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Alhamisi ile ile tulichajisha betri, na usiku funguo zote mbili nikazifungia kabatini, mzee akijua. Kisha kila usiku baada ya Isha bwana yangu alifungua boneti, akapima mwenyewe na kuandika kwa mkono wake. Alhamisi, volti 12.6. Ijumaa, 12.4. Jumamosi, 12.2. Betri iliyojaa na kutulia husoma 12.6 au zaidi kidogo, ikifika 12.0 imebakiwa na kama robo tu. Gari halikufunguliwa na mtu, na umeme uliendelea kwenda zake.

Jumapili asubuhi tukatafuta unakokwenda. Kazi yenyewe ni ya subira kuliko ya nguvu. Ufunguo hutolewa, milango hufungwa, kisha waya wa upande hasi hulegezwa kwa spana namba 10 na kuondolewa betrini. Kipimo hutiwa katikati, baina ya waya na betri, kwenye tundu lake la ampea 10, ili umeme wote unaotoka upite ndani yake. Tangu hapo mtu asiwashe gari wala taa kubwa, la sivyo kipimo kitaungua fyuzi. Na hapana budi kungoja kama nusu saa, kwani vifaa vya gari havilali mara moja. Mlango wa dereva tuliuacha wazi ili tufikie fyuzi, lakini kitasa chake tukakisukuma kwa bisibisi hadi kikajifunga, gari likadhani mlango umerudishwa.

Namba ilitulia kwenye ampea 0.45, mara tisa ya kiasi kinachovumilika. Betri yetu ni ya saa-ampea 45. Kwa mwendo ule, siku nne na ushei ingekauka kabisa, na Alhamisi hadi Alhamisi ni siku saba.

Bwana yangu akawa anachomoa fyuzi moja moja, nami naangalia kipimo. Ya redio, namba haikusogea. Ya king'ora, ilishuka kidogo mno. Alipochomoa ile ya taa za ndani, ikaanguka hadi 0.03. Taa ya darini ilikuwa imezimika tangu mwanzo. Ikabaki ya buti, ambayo haionwi na mtu buti likiwa limefungwa. Mwanangu Swaleh ndiye aliyepata hila: akairudisha fyuzi, akawasha simu ichukue video, akaiweka butini na kufunga. Tulipoitoa na kuitazama, buti lilikuwa linang'aa kama chumba cha harusi.

Taa ya wati 5 tu. Kitufe chake hubanwa na kifuniko cha buti kinapofungwa, na kipira cha kifuniko kilichopaswa kukibana kilikuwa kimechakaa na kudondoka. Tukaitoa balbu siku ile, na kipira kingine tukakipata juma lililofuata kwa wauza vipuri wa Barabara ya Kirinyaga. Betri yenyewe haikutoka salama: betri ya gari ikikaushwa na kuachwa hivyo, risasi yake hufanya ganda, na hii yetu haitashika tena chaji kama siku iliyonunuliwa.

Baada ya Alasiri bwana yangu aliisoma mbele ya kamati ile karatasi yenye namba tatu, kisha akawaonyesha video. Aliyesikia redio usiku wa manane alisema huenda ilikuwa ya koti la pili. Mzee akabaki kazini.

Mamangu sasa hakosi Alhamisi, na juzi mkono wa kushoto umeweza kushika kikombe kitupu. Lakini mzee hapokei tena funguo za mtu yeyote, wala hatumlaumu. Kila mmoja husogeza gari lake mwenyewe, na Alhamisi kabla jua halijachomoza ni mimi ninayebisha hodi kwa jirani wa mbele, nikimwomba radhi kwa kumwamsha.