Mubirizi, mdudu wa tumbo na kosa letu

Juma hili tunaandika juu ya tumbo, na juu ya kosa ambalo sisi wenyewe tulilifanya katika kundi letu.

Sisi wote hapa Bukavu tunajua mubirizi. Unaota kando ya nyumba, na mama zetu walituponda majani yake tukiwa watoto, tukameza maji yale machungu huku tumeziba pua. Tumbo likiuma, mubirizi. Homa ikija, mubirizi. Kwa hiyo mama mwenzetu alipotuambia katika mkutano kwamba tumbo lake linawaka usiku, hasa akiwa na njaa, hakuna aliyemuuliza kama amepimwa. Kila mmoja alitoa shauri lake: huyu mubirizi, huyu kitunguu saumu na asali, huyu tangawizi. Alikunywa miezi miwili. Siku alizopata nafuu, tulijisifu.

Kisha akaanguka sokoni. Choo chake kilikuwa kimegeuka cheusi kama lami tangu siku tatu, lakini aliona haya kusema. Hospitalini walimwongezea damu, kwa sababu alikuwa na kidonda ndani ya tumbo na kilikuwa kinavuja. Munganga alituuliza kwa upole: «Wamama, nani alimwambia angoje?» Tulitazama chini.

Munganga huyo hakutukana majani yetu. Alikaa nasi na kutueleza, na tunawapa ninyi pia yale tuliyoyapata.

Zamani watu walisema vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na pilipili. Lakini mwaka 1982, kule Australia, waganga wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walifaulu kuotesha katika labo mdudu mdogo sana anayeishi ndani ya tumbo. Leo anaitwa Helicobacter pylori. Wengi hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall alikunywa wadudu hao yeye mwenyewe, na tumbo lake likaugua. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Mdudu huyu anaishije katika asidi kali ya tumbo? Ana kimeng'enya kinachoitwa urease. Kimeng'enya ni kama mfanyakazi mdogo anayevunja kitu kimoja kiwe kingine. Hata katika mate yetu kimo kimoja: tafuna mkate muda mrefu bila kumeza, utasikia utamu, kwa sababu wanga unageuka sukari. Urease inavunja urea, ambayo miili yetu inaitengeneza kila siku, na kutoa amonia. Amonia inapunguza ukali wa asidi pale mdudu alipo. Hivyo anajifunika, anaogelea mpaka ndani ya ute unaolinda tumbo, na kukaa humo miaka mingi.

Hapa ndipo mimea inaingia. Wachunguzi katika nchi nyingi wamekamua mimea ya dawa na kuitia pamoja na urease katika vichupa vya labo. Baadhi ya mimea inakizuia kimeng'enya hicho, kama udongo uliojaa katika tundu la kufuli: ufunguo hauingii tena. Kitunguu saumu ni kimoja kati ya hiyo. Mama zetu basi hawakuwa wajinga. Katika mimea mna nguvu ya kweli.

Lakini kichupa si tumbo. Katika kichupa dawa inamgusa mdudu moja kwa moja, kwa kipimo kinachojulikana. Katika tumbo inachanganyika na fufu na sombe, inapita upesi, na mdudu amejificha chini ya ute. Watu wenye mdudu huyu walipopewa kitunguu saumu kisha wakapimwa tena, mdudu alikuwa bado yupo. Mama mwenzetu alikuwa hivyo: uchungu ulipungua siku kadhaa, na kidonda kikaendelea kuchimba.

Dawa inayomwondoa mdudu ni antibiotike mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa siku 10 mpaka 14. Inatolewa na munganga baada ya kipimo, na inamezwa mpaka mwisho hata kama maumivu yameisha. Tusigawane vidonge na jirani. Kipimo kinaweza kuwa cha pumzi au cha choo. Kama umemeza antibiotike au dawa ya asidi majuma ya karibuni, mwambie munganga, maana kipimo kinaweza kudanganya. Mwambie pia majani unayokunywa, zaidi sana ukiwa na mimba. Na tuangalie vidonge vya maumivu kama ibuprofene na aspirini: hivyo navyo vinachimba tumbo.

Watu wengi wana mdudu huyu bila kuumwa, na mara nyingi alianza kuingia wakiwa watoto, ndani ya nyumba ileile. Kwa hiyo tunawe mikono baada ya choo na kabla ya kupika, na tunywe maji safi.

Ukiona choo cheusi, ukitapika damu, ukikonda bila sababu, au ukipata kizunguzungu pamoja na maumivu ya tumbo, usingoje mkutano wetu wala usichemshe kitu. Nenda hospitali siku ileile.

Mama mwenzetu amepona. Mubirizi bado uko kando ya nyumba yake, wala hatukumwambia aung'oe. Sisi tulibadilisha mambo mawili. Kisanduku chetu cha mshikamano sasa kinasaidia mama asiye na feza ya kipimo. Na mtu akisema tumbo linamuuma, kabla ya yeyote kutaja jani, tunamuuliza: «Umepimwa? Na choo chako kina rangi gani?» Mwanzoni tulicheka kwa haya. Sasa tumezoea.