Kibao Chenye Ufa

Tumeona tuwasimulie jambo lililotupata sisi ndugu wawili tulipokuwa masomoni Uingereza, huenda likatufaa sote.

Tulikuwa tukikusanya vibao vya udongo vya kutundika ukutani, vilivyotengenezwa katika mji wa bandari wa Sunderland karne ya 19. Ni vidogo kama sahani, vina matundu ya kupitishia kamba, na pembeni vina rangi ya waridi inayong'aa, itokanayo na dhahabu kidogo sana. Asili ya sanaa hii ilitufurahisha. Wafinyanzi wa Iraq, zama za Bani Abbas katika karne ya 9, ndio walioanza kuvipa vyombo vya udongo mng'aro wa madini. Walivipaka fedha na shaba vyombo vilivyokwisha kuchomwa, kisha wakavichoma tena kwenye tanuri lenye moshi. Vigae vya namna hiyo vingali vinapamba mihrabu ya Msikiti Mkuu wa Kairouan, Tunisia.

Vibao vingi vya Sunderland viliandikwa maneno ya dini ya Kikristo. Tulichokipenda zaidi kilikumbusha kuwa Mungu anatuona. Katika Biblia, maneno hayo yalisemwa na Bibi Hajar, mama yake Nabii Ismail (a.s.). Nasi Waislamu maana yake tumefundishwa: ndiyo ihsani.

Siku moja kibao hicho kilituponyoka, kikapasuka. Tukakigandisha kwa gundi, tukaupaka ufa rangi hata usionekane. Lakini kibao kizima ukikigonga kwa kidole hulia. Chenye ufa hutoa sauti butu. Tulilijua hilo vyema.

Karo ikawadia, mfukoni hatuna kitu. Tukakipeleka sokoni. Bibi mmoja mzee akauliza, "Ni kizima hiki?" Tukamjibu, "Tazama kinavyong'aa." Akatoa pauni 80, akaondoka na furaha yake.

Usiku ule ukutani palibaki msumari mtupu. Tulisali Isha, na tulipotoa salamu hatukuweza kutazamana. Tulikumbuka somo la chuoni: Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta chini kimelowa, akamkemea muuzaji. Hatukuwa tumesema uongo hata neno moja, lakini tulikuwa tumedanganya.

Wiki iliyofuata tulimngoja yule bibi, tukamweleza yote na kumrudishia pesa zake. Alizihesabu, akatukabidhi kibao, akaenda zake kimya. Hakusimama tena mezani petu.

Karo tuliilipa kidogo kidogo kwa kuosha vyombo hotelini. Kibao kipo nyumbani hadi leo. Rangi tuliyoficha nayo ufa tumeikwangua, na wageni wakiuliza tunawaeleza.

Wanafunzi wenzetu, mkiwa kwenye mtihani, dukani au njiani, kumbukeni kwamba Mwenyezi Mungu anauona ufa tuliouficha. Atujaalie tuwe wakweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.