Unahama au Unatembea?

Mama yangu alikuwa na swali moja kwa kila mwanamke aliyemwona anatoka na mtoto mchanga huku mikono imemjaa: "Unahama au unatembea?" Mimi aliniuliza mwaka 1993, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, asubuhi niliyotaka kumpeleka binti yangu wa kwanza Muheza akaonwe na bibi. Nilikuwa nimetoka arobaini juzi yake. Kikapu cha ukili nilikijaza hadi vishikio havikutani: nepi kumi na mbili na pini zake, doti mbili za khanga, sweta, kofia, mafuta ya nazi, sabuni, poda, na chupa ya maji yaliyochemshwa.

Mama akapiga goti, akaanza kupunguza. Nepi akaacha tatu. Sabuni akairudisha bafuni. "Muheza hawaogi?" Sweta nalo likatoka. Khanga ikabaki moja, ya kumbebea. Kadi ya kliniki hakuigusa, maana mtoto haugui kwa miadi. Alichoongeza ni kimoja tu, mvuje. Alimega kipande, akakifunga katika kitambaa cheusi, akamvisha mtoto mkononi. Abiria wote wa basi lile walijua kuna mzazi ndani, kwa harufu tu.

Kutoka Tanga hadi Muheza ni kilomita thelathini na kitu. Kwa bibi mtoto alipokewa mlangoni, sikumwona tena mpaka alipolilia ziwa. Nepi zangu tatu nilizikuta zimefuliwa, zinapepea kwenye kamba, na hadi leo sijui alizifua nani. Bibi hakuwa na neno "nepi". Yeye alisema winda. Juu ya kabati lake palikuwa na rundo la mawinda, khanga kuukuu zilizochanwa, laini kwa kufuliwa, zikimngoja mtoto yeyote atakayeingia nyumba ile. Nilirudi Tanga na kikapu kizito kuliko nilivyokwenda nacho. Kilijaa machungwa.

Mwaka 2003 nikajifungua mtoto wa pili, wa kiume, Mbagala, Dar es Salaam. Nyumba ya kupanga, majirani wema, lakini kila mmoja na saa yake ya kutoka na ya kurudi. Kikapu cha ukili ndani ya daladala ni ugomvi na konda, kwa hiyo nikaenda soko la Karume, nikachambua mitumba, nikapata begi la bluu lenye vifuko saba. Katika kifuko kimoja nilikuta soksi ya mtoto wa huko lilikotoka, moja, ndogo kama kidole gumba. Sikuitupa.

Begi lile lilijaa vingine na kupungua vingine. Chupa ya maji ilitoka. Kwa binti yangu manesi walituambia miezi minne ya maziwa ya mama peke yake, na hata hiyo wakubwa hawakuihesabu. Kwa huyu wa pili wakasema sita, bila hata tone la maji. Mvuje nao ulibaki Tanga. Pampasi ndizo zilizoingia. Nilikuwa nazinunua dukani moja moja, kwa sababu pampasi wakati ule kwangu ilikuwa nguo ya kutokea: nyumbani nepi, safarini pampasi. Iliyochafuka ilikwenda kwenye mfuko wa rambo, fundo, basi.

Siku moja, Rangi Tatu kwenda Posta, mtoto akaharisha garini. Foleni haisogei. Pampasi zangu mbili zikaisha kabla ya Mtoni, na vifuko saba havikuwa na la kunisaidia. Mama wa makamo niliyekaa naye akafungua mkoba, akatoa upande wa khanga uliokunjwa vizuri. "Chukua, mwanangu. Wangu wameshaota ndevu, lakini sitoki bila hii." Akashuka Uhasibu kabla sijamuuliza jina. Khanga yake ninayo.

Kisha ikafika zamu ya yule binti wa Muheza. Alijifungua mwaka 2021, anaishi Kimara, na safari hupanga kwa simu: kila kitu kina mstari wake, akikitia begini anakiwekea alama. Pampasi nane, tishu za majimaji, mkeka mdogo wa kumbadilishia, kitakasa mikono kilichokuja na korona na hakikuondoka, uji wa lishe kwenye chupa ya chai, parachichi, nguo seti tatu. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo alimpa fundi amshonee mfuko usiopitisha maji wa kutilia vilivyochafuka. Nikachungulia, swali la mama likanitoka lenyewe.

"Unahama au unatembea?"

Akacheka. "Mama, naenda kliniki, benki, halafu ofisini kwa mtu. Wewe ulikuwa unakwenda kwa bibi."

Nilinyamaza, maana ni kweli. Kikapu changu kilikuwa chepesi kwa sababu uzito wake ulikuwa umekaa juu ya kabati Muheza. Wala sitaki kuipamba Muheza. Siku ile ile mtoto alinyweshwa maji na kila aliyempakata, na wiki nzima iliyofuata alihara. Sikuwa na ubavu wa kumwambia bibi hapana. Binti yangu huamua mwenyewe nini kinaingia kinywani mwa mwanawe, na anakibeba.

Mwezi uliopita nilipanda mwendokasi kurudi kwake. Pembeni yangu akakaa msichana na mtoto mchanga kifuani, begi begani. Mara mtoto akalia, harufu ikatwambia kwa nini. Nikafungua mkoba haraka, karibu kwa furaha. Miaka yote hii nimekuwa nikitembea na upande ule wa khanga, nikingoja siku yake.

"Shikamoo mama. Ahsante, kila kitu ninacho," akaniambia kwa heshima. Na kweli alikuwa nacho. Mkeka ukatoka, tishu zikatoka, pampasi ikatoka. Kilichompungukia ni mkono. Akaangalia huku na huku, begi likimponyoka.

"Labda unishikie hili tu."

Nikalipokea. Lilikuwa zito kama mtoto wa mwaka mmoja. Nikalipakata mpaka Kimara Mwisho.