Chini ya Micheri ya Ueno



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeipamba ardhi kwa rangi ambazo mkono wa mja hauwezi kuzichanganya. Mwishoni mwa mwezi wa Machi alitujaalia kufika mji wa Tokyo, nchini Japani, kumzuru kijana wetu anayesoma huko. Tulifuatana na mama watoto. Magoti yanamsumbua siku hizi, lakini yeye ndiye aliyeishikilia safari hii mpaka ikawa.

Siku ya pili kijana alitupeleka kwenye bustani ya Ueno. Mahali hapa pana historia ndefu. Mwaka 1625 watawala wa ukoo wa Tokugawa walijenga hapo hekalu kubwa liitwalo Kan'ei-ji. Mwaka 1868 vita vilipiganwa juu ya kilima hicho, na sehemu kubwa ya majengo ikateketea. Ilifikiriwa kujengwa hospitali na chuo cha utabibu, lakini tabibu mmoja wa Kiholanzi, Bauduin, alishauri kwamba pahali penye miti kama ile pabaki kuwa pa watu wote. Mwaka 1873 pakafanywa bustani ya umma, miongoni mwa za mwanzo kabisa katika nchi ile, na mwaka 1924 pakakabidhiwa mji wa Tokyo.

Tulikuta micheri, ambayo wenyeji huita sakura, imechanua pande zote mbili za njia kuu. Aina iliyo mashuhuri zaidi hutoa maua kabla ya majani, basi mti mzima huwa mweupe wenye wekundu wa mbali, mithili ya shashi iliyotiwa waridi. Miti ya aina hii huzalishwa kwa kupandikizwa vijiti, yote ikitokana na asili moja, na kwa sababu hiyo huchanua pamoja na kupukutika pamoja. Uzuri wote huo hudumu kama wiki moja hivi. Mvua moja na upepo mmoja hutosha kuumaliza.

Chini ya miti watu walitandika maturubai. Walivua viatu na kuvipanga kando kabla ya kukaa, jambo lililotukumbusha mikeka yetu. Wazee walikuwapo, na kina mama wenye watoto wachanga, na wafanyakazi waliotoka maofisini. Baadhi yao walikunywa vileo, nasi tukatafuta pembe yetu mbali nao, karibu na ziwa la Shinobazu. Walipoondoka, kila jamaa ilikusanya taka zake. Hilo tulilitazama kwa haya, tukikumbuka fukwe zetu zinavyokuwa siku ya pili ya Idi.

Wakati wa Adhuhuri tulikwenda kwa miguu hadi Okachimachi, kwenye msikiti wa As-Salaam. Sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini. Pale tulielekea magharibi, tukipindia kidogo kaskazini. Kibla ni kimoja, ila mja ndiye anayehama.

Tuliporejea bustanini, kijana akamimina chai, na mama watoto akaegemea mkoba wake, akiyatazama maua. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema kwa upole:

"Baba watoto, Laithaus ni mwendo wa tuktuk kutoka nyumbani. Tumekaa pale mara ya mwisho lini?"

Tulitafuta jibu. Tulipolipata, lilikuwa kabla kijana huyu hajazaliwa. Yeye mwenyewe aliinamia kikombe chake, asiseme neno.

Wasomaji wetu, tumefundisha darasa kwa miaka mingi kuhusu haki za mke: chakula, mavazi, makazi. Tumesimulia mara nyingi jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyoshindana mbio na Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi. Hadithi hiyo tumeisimulia tumekaa. Kila alasiri palikuwa na kikao, au maiti, au mgeni, na neno letu lilikuwa "kesho, inshallah", tukilitumia jina la Mola kuahirisha kisichotuzuia. Sasa wakati umepatikana, na magoti ndiyo yanayoomba udhuru.

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi tulipopita, maua yalikuwa chini, yametanda njiani na juu ya maji. Katika sura ya Al-Hadid Mola amelipigia mfano jambo hili, la mmea unaowapendeza wakulima kisha ukanyauka. Tunaijua sura hiyo kwa moyo tangu chuoni. Siku ile tuliielewa.

Tumerudi nyumbani. Jumapili iliyopita, baada ya Alasiri, tulichukua mkeka, birika la kahawa ya tangawizi na bahasha ya kachiri, tukaenda Laithaus. Mibuyu ya pale haina maua ya kuwaleta watu kutoka nchi za mbali, lakini kivuli chake ni kipana na upepo wa bahari hauna bei. Mama watoto alishuka kwenye tuktuk polepole, akitushika mkono, mbele za watu. Tulikaa mpaka ikakaribia Magharibi.

Na mfuko wa taka tulirudi nao.

Wabillahi tawfiq.