Maji Yakipwa Mtoni Potomac: Barua kutoka Washington

Mto Potomac, unaoyatenganisha majimbo ya Maryland na Virginia na kuupitia mji mkuu wa Marekani, hupwa na kujaa hadi karibu na maporomoko madogo yaliyo juu kidogo ya Washington, ingawa maji yake hapo ni baridi, yaani hayana chumvi, na Ghuba ya Chesapeake iko mbali kwa zaidi ya kilomita 150. Humo anaishi bass wa mdomo mkubwa, samaki wa kijani mwenye mstari mweusi ubavuni. Wakenya wa Naivasha wanamjua, kwa kuwa alipandikizwa ziwani humo kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Lakini ziwa halipwi, na tofauti hiyo ndiyo inayoufanya uvuvi wa Potomac kuwa elimu ya peke yake.

Bass hakimbizi windo masafa marefu. Hujibanza kando ya nguzo ya gati, gogo lililozama au ukingo wa magugumaji, akasubiri visamaki vipite karibu na kinywa chake, ambacho pembe yake hufika nyuma ya jicho. Maji yanapojaa na kuingia vijitoni na katikati ya magugu, naye husambaa pamoja nayo, hata ikawa vigumu kukisia alipo. Yanapoanza kupwa, visamaki husukumwa nje, na bass hushuka hadi kwenye midomo ya vijito, akielekeza kichwa kule mkondo unakotoka. Ndiyo maana wavuvi wengi huyathamini masaa ya mwisho ya maji kupwa, na wapo wanaowasha mashua wakayafuata maji kuelekea juu, kwa kuwa sehemu za chini za mto hutangulia kupwa. Maji yakisimama, katika kile kipindi kifupi baina ya kupwa na kujaa, samaki mara nyingi hugoma kula.

Chambo bandia, yaani kitu cha plastiki, mbao au chuma kinachoiga kiumbe anayeliwa na samaki, ni cha aina nyingi, lakini kinachostahili kujifunzwa kwanza ni mnyoo wa plastiki laini. Ndoana hupenyezwa kichwani mwa mnyoo, ikatolewa na kugeuzwa, kisha ncha yake ikafichwa tena mwilini, ili chambo kipite katikati ya magugu bila kunasa. Mbele yake huvishwa chubwi ndogo iliyochongoka. Mvuvi hukirusha upande wa juu wa mkondo na kuuacha mkondo ukiteremshe, huku mshipi ukiwa umekazwa kiasi cha kuhisi tu. Bass anapokifyonza, mkono husikia mguso mdogo, au mshipi huanza kwenda kando bila sababu, na hapo ndipo fimbo huinuliwa kwa nguvu ili ncha itoboe plastiki na kuingia tayani. Rangi za chambo huzungumzwa sana, lakini rangi bora mahali pasipo na mkondo haina faida.

Neema hii haikujileta yenyewe. Katika miaka ya 1960 Potomac ulikuwa ukinuka kwa maji taka na kufunikwa na mwani kila kiangazi. Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972, pamoja na kazi kubwa ya kupunguza fosforasi katika mtambo wa kusafisha maji taka wa Blue Plains, iliufanya mto uanze kupitisha mwanga, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hidrila, gugumaji la kigeni lililochukiwa na wenye mashua, lilienea kwa kasi na kuwapa vifaranga wa bass maficho. Fedha za umma zilizotumika katika mabomba na matangi ya majitaka zimemfaa mvuvi kuliko chambo chochote kilichobuniwa.

Mhamiaji kutoka Pangani au Lamu, aliyelelewa akihesabu bamvua na maji mafu kwa umri wa mwezi, anaijua tayari nusu ya elimu hii. Atakayopaswa kujifunza ni machache: kwamba tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Washington haifiki mita 1, ilhali Zanzibar wakati wa bamvua hukaribia mita 4, na kwamba upepo mkali wa kaskazini-magharibi huweza kuyasukuma maji nje ya mto na kuivuruga ratiba. Akate leseni kabla ya kurusha mshipi, na asome kanuni za upande anaovulia: katika maji ya Maryland yanayopwa na kujaa, bass wa kuchukuliwa ni wa kuanzia sentimita 30 hivi, na kuanzia Machi 1 hadi Juni 15, majira ya kuzaliana, ni sentimita 38. Hata jike anayetimiza kipimo katika majira hayo na arudishwe majini.