Wembe na Sumu

Wahenga walisema, mtoto akililia wembe mpe. Neno hili lina maana yake. Wembe ukimkata mtoto, huona damu, huumia, hulia, kisha jeraha hupona. Na tangu siku ile hujua kwamba wembe si kitu cha kuchezea. Maumivu yamekuwa mwalimu wake. Lakini yako mambo ambayo mwalimu huyo hawezi kuyafundisha, na mojawapo ni sumu. Aliyekunywa sumu huenda asipate siku ya pili ya kutumia alichojifunza. Kwa hiyo mtoto akililia wembe huenda akapewa. Akililia chupa asiyoijua mtu kilichomo, asipewe kabisa.

Paje ni kijiji kilichoko pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja. Mbele yake kuna mchanga mweupe, kisha maji yasiyo na kina, kisha mwamba unaovunja mawimbi ya bahari kuu. Maji yakupwapo, wanawake hushuka pwani kutunza mwani, kilimo kilichoanza huko mwaka 1989. Na wanaume nao huenda kuvua. Basi saa hizo nyumbani hubaki nani? Mara nyingi hubaki bibi aliye mzee, na mwana wa shule aliyeambiwa amwangalie mdogo wake. Ndiyo sababu elimu ya sumu si ya madaktari peke yao. Yamhusu hasa mwanafunzi yule, kwa kuwa saa ile yeye ndiye mlinzi wa nyumba.

Mtoto wa miaka 2 hawezi kusoma maandishi ya chupa. Huujua ulimwengu kwa mdomo wake, na kila akiokotacho hukionja. Tena mwili wake ni mdogo. Kiasi ambacho kingemsumbua mtu mzima kidogo tu, chaweza kumwua yeye.

Adui aliye karibu kuliko wote ni mafuta ya taa. Hununuliwa kidogo kidogo, yakatiwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, na chupa ikawekwa chini karibu na jiko. Mtoto mwenye kiu huiona chupa ile, naye amekwisha kuona wakubwa wakinywa katika chupa kama hiyo. Kosa si la mtoto, ni la chupa. Mafuta yana chombo chake, na chombo hicho kina kifuniko cha kukaza na mahali pa juu pasipofikiwa. Vivyo hivyo dawa ya wadudu, dawa ya panya na dawa ya kufulia nguo. Kitu kisicholiwa kisikae kamwe katika chombo cha kitu kinacholiwa.

Adui wa pili huja kwa jina la rafiki, nayo ni dawa ya hospitali. Vidonge vya kuongeza damu wapewavyo mama wajawazito huwa na rangi nzuri kama peremende, lakini vikimezwa vingi na mtoto mdogo humdhuru vibaya, hata kumwua. Tena wako wanaombembeleza mgonjwa mdogo kwa kumwambia, "Meza, hii ni peremende." Mtoto huliamini neno hilo. Kesho akikiona kikopo peke yake, hutafuta peremende zake. Ni heri aambiwe kweli kwamba ni dawa, ingawa atalia.

Adui wa tatu huota vichakani. Mbegu za maturituri ni nyekundu zenye doa jeusi, na watoto hupenda kuzichezea. Mbegu za mnyonyo zina madoadoa mazuri. Zote mbili, zikitafunwa, hutoa sumu kali sana.

Adui wa nne hukaa baharini, naye amewaliza watu wengi. Mwezi wa Machi 2024, katika Kisiwa Panza, huko Pemba, watu walikula nyama ya kasa. Watoto 8 walikufa, na mtu mzima 1, mama wa mmoja wa watoto hao. Wengine 78 walipelekwa hospitali. Wala haikuwa mara ya kwanza, kwani Novemba 2021 watu 7 walikufa Pemba kwa nyama hiyo hiyo, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 3. Si kila kasa ana sumu, na hapo ndipo ulipo mtego wenyewe. Aliyekula mara kumi akabaki mzima hudhani mara ya kumi na moja itakuwa vile vile. Wataalamu hudhani kwamba kasa huipata sumu hiyo katika vyakula vyake vya baharini, ikakaa mwilini mwake bila kumdhuru. Kupika hakuiondoi, na dawa ya kuivunja haijulikani. Yaweza hata kupita katika maziwa ya mama na kumfikia anyonyaye. Samaki bunju naye ni hivyo. Sumu yake, iliyo kali hasa katika ini na mayai, haiogopi moto. Na kuhusu kasa, sheria nayo imekataza kumvua. Basi sinia likiletwa na nyama hiyo, kukataa si utovu wa adabu.

Ikiwa msiba umekwisha kutokea, yapasa kutenda upesi bila kufanya fujo. Mtoto asilazimishwe kutapika, hasa aliyekunywa mafuta ya taa, maana yakipanda tena huingia katika mapafu na kuyaunguza. Asinyweshwe maziwa wala mafuta kwa kukisia. Nguo zilizolowa zivuliwe, ngozi ioshwe kwa maji na sabuni. Akiwa amezimia, alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani. Kisha aitwe mkubwa, mtoto akimbizwe kituo cha afya au hospitali ya Makunduchi, na chupa, kikopo au mbegu yenyewe ichukuliwe pamoja naye, ili daktari ajue anapigana na nini. Na asifichwe daktari neno lolote kwa kuona haya. Haya haijamponya mtu.

Kazi ya kuzuia haina gharama kubwa. Yataka rafu ya juu, kifuniko, kufuli na dakika chache. Mwanafunzi anayetaka kuianza leo na apige magoti mlangoni, atambae nyumba nzima, na kutazama vyumba kwa kimo cha mdogo wake. Ataona yaliyo chini ya kitanda, nyuma ya mtungi na kando ya jiko, ambayo wakubwa wanaosimama hawayaoni. Kila atakachokifikia kwa mkono akiwa hivyo, mdogo wake naye hukifikia.